Analia huku anakata: kwa nini siwezi kuiacha Innocent

Nilikuwa nimekaa siti ya dirishani kwenye daladala ya Mbagala, foleni imekamata pale Mtongani haiendi mbele wala nyuma, nasoma manga kwenye simu, na pembeni yangu kuna mama wa makamo kapakata kapu la dagaa. Nikahisi jicho. Ile hali unajua kabisa mtu anakusomea simu ila unajifanya hujui. Ukurasa niliokuwa nimefungua una kijana mwenye nywele ndefu, kafungwa, kifua wazi, damu inamtiririka taratibu, machozi yanamlengalenga, sura nzuri kama malaika. Mama akainama kidogo akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyo ni Yesu?"

"Hapana mama, huyu ni mnyongaji."

"Ananyongwa?"

"Hapana, yeye ndo anayeua. Anakata watu vichwa. Kazi ya serikali, huko Ufaransa, zamani."

Akanyamaza, akaangalia tena, safari hii kwa muda. "Sasa mbona analia?"

"Haitaki hiyo kazi."

"Si aache?"

Konda akagonga bodi, mama akashuka na kapu lake, mimi nikabaki na simu na aibu. Nimeshasoma mambo mengi watu wameandika kuhusu hii manga, wengine wameandika vizuri tu, ila hakuna kilichonikaa kichwani kama hilo "si aache". Maana ukiangalia vizuri hadithi nzima ndo hiyo, mtu anachukia anachofanya, analia kwelikweli, sio machozi ya maigizo, halafu anafanya. Na mimi pia nasoma nimekunja sura, nasema jamani hapa wamezidisha, afu kidole kinasogeza ukurasa.

Kwa ambao hamjaikuta: naongelea Innocent ya Shin'ichi Sakamoto. Manga, sio pilipili manga wala Wamanga wa Oman, nasema michoro ya Kijapani. Ilitoka kwenye gazeti la Weekly Young Jump kuanzia 2013 mpaka 2015, juzuu 9, halafu ikaendelea kwa jina la Innocent Rouge kwenye Grand Jump mpaka 2020, juzuu 12 nyingine. Jina lenyewe Wajapani wanalisoma Kifaransa, Inosan. Mhusika mkuu ni Charles-Henri Sanson, mnyongaji mkuu wa Paris, na kabla hujasema hawa Wajapani wana mawazo gani, huyu mtu alikuwepo. Kazaliwa 1739 kafa 1806. Sakamoto aliegemea kitabu cha Masakatsu Adachi, Mjapani aliyeandika historia ya huyo Sanson, afu akatia chumvi yake, na chumvi ya Sakamoto sio kijiko, ni gunia.

Ukoo wenyewe hauhitaji hata kuongezwa chumvi. Ulianza na mwanajeshi mmoja aliyeoa binti wa mnyongaji huko Rouen, akajikuta karithi kazi ya mkwe, na 1688 akapewa Paris. Kutoka hapo kazi ikawa inashuka baba kwa mtoto kama shamba la mikarafuu. Baba yake Charles-Henri aliirithi 1726 akiwa na miaka 7. Saba! Mtoto wa darasa la kwanza ndo mnyongaji wa jiji la Paris, ikabidi atafutwe mtu mzima wa kumshikia upanga mpaka akue. Na huyo baba alipopooza mwaka 1754, Charles-Henri akaingia kazini ana miaka 15.

Na jamii iliwatenga vibaya mno. Hawaoi nje, wanaoana koo za wanyongaji kwa wanyongaji, mmoja wa Paris anaoa wa Reims, wa Reims anaoa wa Rouen. Charles-Henri mwenyewe aliondolewa shule baada ya kujulikana baba yake ni nani. Kuna kisa cha mkate ambacho Wafaransa wanakisimulia mpaka leo, kwamba muoka mikate alikuwa anauweka mkate wa mnyongaji kifudifudi ili mwingine asije akauchukua kwa bahati mbaya, ndo maana mpaka leo kugeuza mkate mezani kwao ni nuksi. Lakini usiku mtu akivunjika mguu anaenda kubisha mlango wa huyohuyo, kwa sababu mtu ambaye kazi yake ni kuvunja mifupa anajua pia kuiunga. Sansons walikuwa matabibu, wanauza dawa, wanatibu masikini.

Hapa lazima niseme kitu. Nilipokuwa mdogo mtaani kwetu kulikuwa na mzee anafanya kazi mochwari, hospitali siitaji. Mpole ajabu, shikamoo anaitikia kwa sauti mpaka unafurahi. Ila dukani mama muuza akimrudishia chenji alikuwa anaiweka juu ya kaunta, hampi mkononi. Sisi watoto tulikuwa tunaambiwa tusile kwake. Sikuwahi kufikiria lile jambo hata siku moja mpaka nilipofika kwenye mambo ya mkate wa Paris, nikaiona kaunta ya lile duka, sarafu ziko juu ya plastiki ya bluu, na mkono wa mzee unasubiri mama atoe wake kwanza. Na siku kukiwa na msiba, yeye ndo anatafutwa wa kwanza.

Sasa tuje kwenye uchafu wenyewe, maana sitaki mtu aje aniambie nilimdanganya.

Innocent inaanza na baba anamtesa mwanae. Kijana hataki kurithi, baba anamtia kwenye chumba cha kutesea cha nyumbani mpaka akubali. Ndo mwanzo huo, hujakaa sawa. Mbele huko kuna watu wanakatwa vibaya kwa sababu mkono wa mkataji umetetemeka, kuna ukatili wa kingono, kuna wahusika wanaoteswa ambao bado ni watoto, na kuna namna mchoraji anavyowachora hao vijana wazuri wakiwa kwenye maumivu ambayo ukiwa mkweli utakubali ina harufu ya tamaa ndani yake. Sio bahati mbaya. Kachora hivyo makusudi. Kama nyumbani una mtoto wa darasa la sita anayeshika simu yako, ifute.

Shida ni kwamba ni nzuri. Yaani sijui nisemeje, sijaona manga imechorwa hivi. Lesi ya shingoni unaona uzi mmojammoja. Wigi, hariri, jasho, ngozi. Na ukimya! Manga nyingi zimejaa maandishi ya sauti, upanga ukishuka unaona herufi kubwa zimejaa ukurasa, kishindo, mpasuko. Sakamoto huyo hana hizo kelele, upanga unashuka kimya, ukurasa unaofuata kuna ua la waridi linapukutika, na wewe ndo unaisikia sauti kichwani kwako. Kuna mahali watu wanaanza kuimba kama wapo jukwaani, na badala ya kucheka unasisimka. Yaani mtu anakufa na wewe unasema huu mchoro ningeuweka ukutani.

Ndo maana nasema yule mama hakukosea. Picha tulizokulia nazo kwenye kuta za nyumba za Kikristo, zile za kalenda ya parokia, si ndo hizohizo? Mwili mzuri, damu kidogo iliyopangika, macho yanatazama juu. Mtazame Mtakatifu Sebastiano kachomwa mishale mwili mzima kasimama kama anapigwa picha ya harusi. Wazungu wamechora mateso yakiwa mazuri kwa miaka mamia, tena kwa ajili ya ibada, na Sakamoto kachukua mtindo uleule akautumia kwa mtu ambaye ndo anayetesa. Msalaba kampa askari. Ukilielewa hilo ndo unaona kwa nini inakera na inavuta kwa pamoja.

Sehemu ambayo kila aliyesoma anaikumbuka ni ya Damiens. Nitaieleza kidogo kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapo.

Tarehe 5 Januari 1757, Robert-François Damiens, mtumishi tu wa majumbani, alimchoma mfalme Louis wa 15 kwa kisu kidogo pale Versailles, kwenye jumba la mfalme. Ilikuwa baridi, mfalme kavaa manguo mazito, kidonda kikawa kidogo, akapona. Ila kumgusa mfalme ilikuwa kama kumgusa Mungu, kwa hiyo wakafukua adhabu ya zamani ambayo hata wenye kazi walikuwa hawajui tena inafanywaje. Tarehe 28 Machi, uwanja wa Grève, Paris. Mkono uliokishika kisu ukachomwa kwa moto wa salfa. Nyama zikanyofolewa kwa koleo za moto, kwenye vidonda ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa, mafuta yanayochemka, nta. Halafu farasi wanne, kila mmoja na kiungo chake. Na farasi wakashindwa. Wakaongezwa wengine, wakashindwa, mpaka ikabidi viungo vikatwe kwa kisu ndo farasi waweze kuvuta. Asubuhi alipoamshwa na kuambiwa kinachokuja inasimuliwa alisema tu kwamba siku itakuwa ngumu.

Charles-Henri alikuwa na miaka 18, yupo pale, anamsaidia baba yake mdogo aliyeletwa kutoka Reims. Huyo baba mdogo baada ya siku ile aliachana na kazi. Ee, aliacha. Kumbe inawezekana.

Sakamoto anaivuta hiyo siku chapta na chapta. Anamchora Damiens kuwa masikini, baba, mtu unayemuonea huruma, sio jini. Nilivyoisoma mara ya kwanza nilikuwa naangalia farasi. Mara ya pili nikawa naangalia uso wa Charles-Henri. Ni mara ya tatu (ndio, nimerudia mara tatu, nihukumuni) ndo nikaanza kuangalia madirishani.

Maana madirisha yanayotazama ule uwanja yalikodishwa. Kwa pesa nyingi tu. Watu wakubwa na wake zao walipanda ghorofani na vitafunwa kuangalia mtu anararuliwa. Casanova, yule Mwitaliano mpenda wanawake aliyeandika kumbukumbu zake, alikuwepo, alichukua dirisha akaja na wenzake, na kwenye kumbukumbu zake anasema yeye aligeuza uso na kuziba masikio asisikie ukelele, ila anasimulia pia kwamba rafiki yake, muda wote huo, masaa mawili, alikuwa amesimama nyuma ya bibi mmoja waliyekuja naye kanyanyua gauni lake. Huku chini mtu anakufa. Hiyo haijatungwa na mchora katuni wa Tokyo, kaiandika mtu aliyekuwepo dirishani.

Sasa mtu anaposema Innocent imechanganya damu na tamaa ni kosa, ni upotovu wa Wajapani, namwambia kwanza soma kumbukumbu za hao Wazungu wenyewe. Adhabu ya zamani Ufaransa ilikuwa ni onyesho. Ilikuwa na jukwaa, mavazi, ratiba, umati, viti vya gharama na viti vya bure. Ukiisimulia kwa sauti ya taarifa ya habari, sijui mtuhumiwa aliuawa majira ya jioni, ndo umedanganya. Hata gilotini, ile mashine ya kukata vichwa, ilipoanza kutumika 25 Aprili 1792, watu waliokuja kuangalia walinung'unika kwamba imeisha haraka, hawajaona kitu. Kwa hiyo mimi naona melodrama hapa ndo ukweli wenyewe, machozi ya ndoo, maua, muziki, kila kitu kimezidi kwa sababu kilizidi kweli. Na sisi hatuna haki ya kushangaa, sisi ambao saa tatu usiku nyumba nzima inanyamaza kwa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, masuria wanawekeana sumu, mtoto wa sultani ananyongwa kwa uzi wa hariri, na bibi analia huku anaomba aongezewe chai.

Lakini hoja hiyo, japo naiamini, nimeanza kuiona ni ya kujificha. Rahisi sana kusema ah hii ni ukosoaji wa ukatili, mwandishi anatuonyesha ubaya wa jamii, kwa hiyo mimi ninayesoma niko upande wa haki. Hapana bana. Mimi wakati nasoma siko upande wa haki. Niko dirishani. Tena sijalipa hata hela ya dirisha, nimetumia bando la usiku.

Dada yangu ndo aliyenikamata vizuri zaidi. Nilimpa asome, akachukua wiki, akarudi hajachangamka. Akaniambia, "Michoro nimeipenda, ila niambie kitu kimoja kaka, huyo Marie kwa nini mpaka ateswe utotoni ndo awe jasiri? Mwanaume kwenye hadithi anaweza kuwa jasiri kwa sababu tu kaamka asubuhi kaamua, mwanamke mpaka kwanza aharibiwe." Nikaanza kujitetea, sijui enzi zile, sijui Marie ndo mhusika bora wa kitabu kizima, akanikatisha, "Sijasema sio mhusika bora. Nimeuliza kwa nini."

Marie-Josèphe ni mdogo wake Charles-Henri, kwenye historia alikuwepo, aliolewa hukohuko kwenye ukoo kama wengine wote. Kwenye manga Sakamoto kamgeuza, kamnyoa nywele upande mmoja kama mpiga gitaa wa roki, kamvalisha suruali, kampa upanga, na kwenye Rouge ndo anakuwa mhusika mkuu kabisa. Nampenda kupita wote. Na bado dada yuko sahihi, nimezunguka weee nimekosa jibu. Kuna kurasa ambazo mateso ya mwanamke au ya mtoto hayafundishi chochote kuhusu Ufaransa ya Louis, yapo kuwasha hadithi tu, kama njiti. Hizo naziruka. Sasa hivi nikirudia nazijua zilipo, nikifika naruka, na sijisikii nimepoteza kitu.

Kuna siku nyingine nilijipa mtihani mwenyewe. Nikajiuliza, hii kitu ingekuwa Songea ungeipenda? Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani walinyonga viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 kwa siku moja baada ya Majimaji, na nduna Songea Mbano akanyongwa siku chache baadae, na inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, ukoo wake unakitafuta mpaka leo. Rais wao Steinmeier alikuja Songea 1 Novemba 2023 akaomba radhi pale makumbusho. Sasa fikiria mchoraji hodari wa Tokyo anaichora ile siku, kamba, miti, na afisa wa Kijerumani kijana mzuri mwenye kope ndefu, haitaki kazi, analia, machozi yanadondoka kama lulu juu ya buti zake. Juzuu tisa za machozi ya afisa.

Ningeitupa. Nisingefika ukurasa wa kumi. Hapo nikagundua ninachokiita kupenda sanaa nusu yake ni umbali tu, Paris ni mbali, 1757 ni mbali, Damiens sio babu wa mtu ninayemjua. Mfaransa ambaye jina lake linatokana na huyo Damiens angesomaje? Tena jina lenyewe lilipigwa marufuku, baba yake na mkewe na bintiye wakafukuzwa nchini, nyumba aliyozaliwa ikabomolewa. Sijaacha kusoma kwa sababu ya hilo wazo, nasema ukweli, ila limeniondolea ile raha ya kujiona mimi msomaji makini.

Halafu kuna upande wa Japan ambao wasomaji wetu wengi wanaupita. Japan bado inanyonga, na inafanya kimyakimya kupita maelezo. Mfungwa anaambiwa asubuhi ya siku yenyewe, masaa tu kabla. Familia inaambiwa baada. Na kwenye chumba kuna maafisa kadhaa, kila mmoja ana kitufe chake, wanabonyeza kwa pamoja na ni kimoja tu kinachofungua sakafu, ili asijue mtu yeyote ni nani aliyeua. Chumba cha Tokyo waandishi wa habari waliingizwa kukiona mwaka 2010, chumba safi, kimetandikwa zulia. Ukishajua hilo ukirudi kwenye Innocent unaisoma tofauti kabisa. Paris ilimpa mnyongaji jina, sura, nyumba inayojulikana, mkate kifudifudi. Tokyo imemgawanya vitufe mpaka hayupo. Sakamoto kachora mnyongaji anayelia kwa ukurasa mzima kwa wasomaji ambao wa kwao hawajawahi kumuona wala kujua kama analia. Kwetu sheria ya kunyonga bado iko vitabuni ila tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa, na 2017 Magufuli akimuapisha Jaji Mkuu alisema wazi kwamba yeye kusaini hataweza, wasimpelekee. Mtu aliyeitwa tingatinga! Wengine walicheka, mimi nilimuelewa.

Narudi kwa Charles-Henri na machozi yake, maana hapo ndo naona Sakamoto ni mjanja kuliko anavyopewa sifa. Juzuu za mwanzo unalia naye. Kijana mpole, anacheza vinanda (wa kweli pia alipenda muziki, fidla na selo, na rafiki aliyekuwa anapiga naye, Tobias Schmidt, fundi wa vinanda Mjerumani, ndo alikuja kuitengeneza gilotini, mimi ningeisoma kwenye riwaya ningesema mwandishi kazidisha). Anaota siku adhabu ya kifo itafutwa Ufaransa. Na kila juzuu anakata. Taratibu machozi yanapungua, sura inakuwa ngumu, anaanza kuongea kama baba yake, heshima ya ukoo, wajibu, na wewe msomaji hujui ni ukurasa gani alibadilika. Marie ambaye hajawahi kulia ndo anayegoma. Yeye haombi msamaha, hatoi machozi, anakataa tu, kuolewa anakataa, kuinama anakataa. Yule mwenye moyo laini ndo anageuka kuwa serikali.

Na historia imempa mwisho mbaya kuliko manga yoyote. Agosti 1792 mwanae Gabriel alikuwa juu ya jukwaa anawaonyesha watu kichwa kilichokatwa, akateleza, akadondoka, akafa palepale. Miezi mitano baadae, 21 Januari 1793, Charles-Henri akamkata mfalme wake mwenyewe, Louis wa 16, ambaye ukoo mzima wa Sanson ulikuwa unakula mshahara wa ufalme wake. Maisha yake yote ya kazi inahesabiwa kakata karibu watu 3,000. Aliipokea kazi kwa baba, akamwachia mwanae mwingine, Henri, 1795, na Henri ndo alikuwa ameshamkata Marie Antoinette.

Si aache? Kwenye ukoo mzima wa Paris, vizazi sita, miaka 159, hakuna aliyeacha kwa sababu ya machozi. Wa mwisho, Henri-Clément, mjukuu wa Charles-Henri, aliichukia kazi mpaka akawa mtu wa starehe na kamari, madeni yakamfika shingoni, na akakosa cha kuweka rehani. Akaweka gilotini. Mashine ya serikali, ikakaa kwa mdai kama pasi ya mkaa kwa mpangaji aliyeshindwa kodi. Ikaja amri ya kumuua mtu, mashine haipo, serikali ikabidi ilipe deni ndo iirudishe, na 1847 wakamfukuza kazi.

Nikikutana tena na yule mama wa dagaa nitamwambia, mama, waliacha. Walidaiwa.